Milima Tunayoipita Mbio

Kila mwaka, Desemba inapofika katikati, barabara itokayo Dar es Salaam kwenda kaskazini hujaa magari ya watu wanaorejea makwao kula Krismasi, na ndani ya magari hayo wamo watoto wengi waliozaliwa mjini, waliobanwa kiti cha nyuma baina ya madumu ya mafuta ya kupikia na mifuko ya mchele, wakipelekwa kwa babu na bibi. Kuanzia Korogwe hata Same, na kutoka Same hata Mwanga, msafiri wa njia hiyo hakosi mlima mkono wake wa kulia: huanza Usambara, ikafuata Upare ya kusini, kisha Upare ya kaskazini, mpaka Kilimanjaro ijitokeze ikiwa mawingu yameridhia. Walakini mwulize mtoto aliyeteremka garini Moshi ameona nini njiani, na aghalabu atakujibu kwamba alilala, au kwamba simu ya mama yake ilikuwa na katuni mpaka chaji ikaisha. Baba naye ana habari moja tu ya kuwasimulia jamaa waliompokea, nayo ni saa: aliondoka Dar es Salaam saa kumi alfajiri, na saa nne asubuhi alikuwa anakunywa chai Moshi.

Nina hoja na baba huyu, wala si hoja ya mwendo kasi, maana hiyo askari wa barabarani na tochi zao wanatosha kuizungumza naye. Hoja yangu ni kwamba mzazi mwenye gari, au mwenye nauli ya basi, anayewapitisha watoto wake chini ya milima ile mwaka baada ya mwaka asiwapandishe hata mara moja, amewanyima haki ambayo shule haiwezi kuwalipa, nayo ni haki ya kuonyeshwa nchi yao na mtu wanayemwita baba au mama, kwa kidole chake na kwa maneno yake, mchana kweupe, gari likiwa limesimama. Siku mbili zikikatwa katika likizo na kupewa njia, babu hatakasirika. Na akikasirika, wajukuu watakuwa na la kumsimulia hata ghadhabu imtoke.

Najua asili ya haraka hii, wala sina nia ya kuibeza. Wengi wetu hatukulelewa katika kusafiri kwa furaha. Safari kwetu imekuwa ya msiba, au ya harusi, au ya kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, na katika zote hizo njia huwa ni adui aliyesimama baina ya mtu na haja yake. Anayekwenda kuzika hana wasaa wa kusimama Soni, kwenye njia ya kupanda Lushoto, akachagua matunda. Ada hiyo ikaingia mpaka katika safari zisizo na maiti wala bibi arusi wa kuwahiwa. Tena tangu mabasi yaruhusiwe kusafiri usiku kucha, mwaka 2023, jambo ambalo lina manufaa makubwa kwa wafanyabiashara na kwa wenye dharura, yako mabasi yanayoipita Usambara yote gizani, na abiria huzinduka Himo akiuliza kama Same imepita. Mfanyabiashara na afanye hivyo, ana sababu zake. Familia yenye watoto, iliyo katika likizo, inamkimbia nani?

Chukua kipande kimoja tu kiwe mfano, kile kitokacho Mombo kwenda Lushoto, ambacho hakizidi kilomita 35, na ambacho kwa maoni yangu humfundisha mtoto mambo mengi kwa mafuta machache kuliko barabara yoyote niijuayo katika Tanzania. Mombo ni tambarare na ni joto, mita 400 na ushei juu ya usawa wa bahari, mji wa mabasi na wachuuzi. Dereva akiiacha barabara kuu tu, njia huanza kujikunja ubavuni mwa mlima, bonde upande mmoja na mwamba upande wa pili, na kila kona ikizaa kona nyingine. Haipiti muda mtoto atasema masikio yake yameziba. Hilo ni somo la kwanza, wala lisiachwe lipite bure: mwambie ameze mate, kisha umweleze kwamba hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya chini, na kwamba ile iliyofungika ndani ya sikio inatafuta mlango wa kutokea. Kioo kikishushwa atalihisi somo la pili usoni pake. Lushoto iko juu ya Mombo kwa takriban mita 1,000, na kwa kuwa kila mita 1,000 za kupanda huondoa joto la nyuzi sita hivi, familia iliyoondoka chini ikijipepea kwa magazeti hufika juu ikigombania sweta moja. Mama yangu, ambaye ni mtu wa pwani, na ambaye husafiri na kanga za akiba kwa kila hali ya dunia, hujifunika ya kwanza kabla ya Soni, ya pili Soni penyewe, na tukifika Lushoto huwa haonekani ila macho, akisema kwamba baridi hii Mola aliwaumbia Wasambaa, na kwamba wageni tumeombwa kuitazama tu.

Mtoto atauliza, kwani watoto huuliza, kwa nini huku juu ni kijani na kule chini ni vumbi. Baba asijibu kwamba ndivyo Mungu alivyotaka, ingawa ndivyo alivyotaka. Ajibu kwamba upepo utokao Bahari ya Hindi huja umebeba unyevu, hukutana na mlima, hupanda, hupoa, na ukipoa hauwezi tena kuubeba mzigo wake, hivyo huutua uwe mvua na ukungu juu ya misitu. Na unapovuka na kuteremka upande wa pili huwa umekwisha kuwa mkavu. Kule Mtae, ukingoni kabisa mwa Usambara, mtoto anaweza kusimama na migomba mgongoni pake huku akiitazama nyika ya Mkomazi ikitanda chini hata Kenya, na siku ambayo hewa ni safi akaiona na Kilimanjaro. Somo hilo akilipata darasani kwa mchoro wa chaki atalisahau baada ya mtihani.

Na aambiwe kadhalika kwamba Kilimanjaro, ambayo ndiyo inayochukua sifa zote, ni changa mbele ya milima hii. Yenyewe ilitokana na moto wa volkano, ilhali Usambara, Upare, Taita iliyo Kenya, Nguu, Uluguru hata Udzungwa ni za ukoo mmoja wa kale zaidi, unaoitwa Milima ya Tao la Mashariki, na misitu yake imekunywa ukungu wa bahari kwa miaka mingi mno hata ikawa na mimea na viumbe visivyopatikana penginepo duniani. Liko ua dogo la zambarau ambalo hupandwa katika vyungu na kuwekwa madirishani kote Ulaya na Marekani. Asili yake ni hapa. Afisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na mwaka 1893 wataalamu wa mimea wakalipa jina lake, Saintpaulia. Mabibi wa Berlin wanalimwagilia maji kila asubuhi, na mtoto wa Mbagala anayepita chini ya makao ya ua hilo kila Krismasi hajapata kulisikia.

Lakini lililo kubwa zaidi, na ambalo ndilo hasa linalonifanya niandike, ni kwamba milima hii ilikuwa na dola. Kutoka Soni iko njia iendayo Vuga, kiti cha enzi cha Wakilindi, ukoo uliotawala milima hii. Wazee husimulia jinsi Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu na mbwa wake, alivyowaulia watu nguruwe mwitu waliokuwa wakiwamalizia mazao, akawagawia nyama, akawaamulia magomvi yao, hata wakamtawalisha. Na jinsi uzao wake ulivyomleta Kimweri ye Nyumbai, ambaye katika karne ya 19 neno lake lilisikilizwa tangu milimani hata pwani. Mmisionari Krapf alipopanda kwenda Vuga mwaka 1848 alikuwa anakwenda kumwomba mfalme ruhusa, wala hakwenda kugundua pori tupu. Habari hizi, fauka ya hayo, ziliandikwa kwa Kiswahili, na mtu wa pwani, Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, katika kitabu chake Habari za Wakilindi, ambacho kilitolewa upya Nairobi mwaka 1962. Kina fitina, vita, ndoa, usaliti na hukumu, yaani kila kitu ambacho watoto wetu hukitafuta katika tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili. Mzazi akikiazima na kuwasomea kurasa chache usiku wa kabla ya safari, kona za Soni zitakuwa na watu ndani yake.

Vivyo hivyo na matuta yaliyochongwa ubavuni mwa milima. Mgeni huyapiga picha na kusema Wasambaa ni wakulima hodari, na kweli ni hodari. Ila katika miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha watu wa Usambara kulima kwa matuta ya aina waliyoitaka wao, ili kuzuia mmomonyoko wa udongo, na kazi ngumu ya jembe katika miteremko ile ikawaangukia hasa wanawake. Watu wakakataa, wakagoma, wakashtakiwa, na mwishowe serikali yenyewe ikauacha mpango huo kabla ya Uhuru. Hapana kosa kuhifadhi udongo. Kosa lilikuwa kumwamrisha mwenye shamba kana kwamba hajui kuwa mvua huteremka mlimani. Mtoto wa miaka kumi anaelewa hayo upesi sana akiwa ameyatazama matuta yenyewe, kwani naye huamrishwa kila siku.

Pale Soni, ambapo maporomoko ya maji huonekana kutoka barabarani, gari halijazimwa injini akina mama hulizingira na visado vya plamu, pea na nyanya. Mara moja tulisimama hapo, na binti yangu mdogo akamwamkia bibi mmoja mwenye ndoo, akamwuliza plamu zile amezinunua soko gani. Bibi akacheka. “Marahaba, mjukuu wangu. Soko ndilo hili. Zimetoka pale,” akasema, akielekeza kwa kidevu kwenye mteremko uliosimama wima juu yetu, ambako miti ilionekana midogo na paa la bati liling’aa. “Nimeteremka nazo kichwani tangu alfajiri.” Binti akatazama juu, akaitazama ndoo, akaitazama shingo ya bibi. Mke wangu alipoanza kuomba punguzo, kama ilivyo desturi na kama ilivyo haki ya mnunuzi, mtoto akamvuta kanga na kumnong’oneza jambo, na punguzo likaachwa.

Si mbali na mji wa Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal kwa heshima ya mfalme wao, liko jabali la Irente, ambapo mlima hukatika ghafla na kushuka takriban mita 1,000 hata Mazinde. Huko chini huonekana mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari, reli, na ile barabara kuu ambayo baba alikuwa akijivunia kuimaliza kwa saa sita, uzi mwembamba wa kijivu ambao lori la tani thelathini huutambaa polepole kupita sisimizi. Hapo pana historia ya uchumi wa nchi katika mtazamo mmoja. Mkonge haukuwa wa kwetu: Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, na mwaka 1893 miche 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai, nayo ikawa mama wa mashamba yaliyokuja kuufanya mkonge kuwa bidhaa kuu ya Tanganyika. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka huo huo ilifika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Pwani na milima vilifungwa kwa chuma na katani kwa jasho la watu ambao wajukuu wao sasa wanapita hapo wamelala.

Wapo watakaosema kwamba haya ni maneno ya mtu mwenye fedha. Ni kweli kwamba kulala njiani kuna gharama, na mafuta ya kupanda ni mengi kuliko ya kwenda sawa. Lakini nimehesabu katika fikra zangu kile ambacho familia nyingi hukitumia kwa bia na nyama choma katika wiki ile moja ya Krismasi, wala sikuona kwamba chumba cha kawaida cha nyumba ya wageni, pamoja na ugali na maharage, kingemfilisi mtu. Hata asiye na gari anaweza. Magari madogo ya abiria hupanda kutoka Mombo mchana, na mtoto aliyepakatwa dirishani huona yote anayoyaona mwenye gari lake, pengine zaidi, kwa sababu dereva si baba yake, na hivyo baba ana nafasi ya kuzungumza.

Hoja ya hatari ina uzito zaidi, wala haifai kufichwa. Barabara za milimani ni nyembamba, ukungu huweza kushuka na kuifunika kona ambayo dakika moja kabla ilikuwa wazi, na masika yakikolea udongo huporomoka. Hatari iliyo kubwa haiko katika kupanda, iko katika kuteremka, na humpata zaidi dereva wa mjini ambaye amezoea kuliachia gari lishuke lenyewe huku mguu wake ukiwa juu ya breki. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, mafuta yake huchemka, na mwishowe dereva hukanyaga hewa tupu; kabla ya hapo gari hutoa harufu kali ya kuungua ambayo kila mwenyeji wa Mombo anaijua. Niliwahi kukaa nyuma ya lori la kabichi likitoka juu. Dereva wake, mzee mwenye kofia ya sufi, aliingiza gia ndogo tangu mwanzo wa mteremko na hakuibadili, injini ikanguruma yenyewe na kulishikilia lori, na nyuma alining’inia taniboi na gogo lililochongwa kabari, tayari kuruka na kulisukumiza chini ya gurudumu likitokea la kutokea. Hakuna aliyempigia honi ya kumharakisha. Tuliofuata nyuma tulifika Mombo tukiwa tumechelewa sana na breki zetu zikiwa baridi. Kanuni ni hiyo tu: gia ile ile ambayo ungepandia ndiyo ya kuteremkia, honi kabla ya kona, anayepanda apishwe, na jua likizama gari liwe limeegeshwa. Dereva asiyeweza kuitii na abaki kwenye tambarare, na watoto wake wapande na basi.

Wazazi wasibebeshwe lawama yote peke yao, hata hivyo. Tunahimizwa utalii wa ndani, na katika mabango tunaonyeshwa simba na twiga, kana kwamba nchi isiyo na mnyama wa kuuma haistahili kutazamwa. Halmashauri zenye milima zingeweza kufanya jambo dogo lisilohitaji mfadhili: mahali pa kuegesha magari penye usalama katika kila pembe inayotazamika, choo kisafi chenye maji, na kibao kilichoandikwa kwa Kiswahili fasaha kinachosema hapa ni wapi na palipata kutokea nini. Baba mwenye watoto watatu garini, mmoja akiwa anataka kutapika na mwingine akiwa amebanwa, hasimami kwenye kona kwa ajili ya historia. Atasimama kwa ajili ya choo, na historia aikute hapo hapo. Na wale akina mama wa Soni wanaokimbizana na magari barabarani, roho mkononi, wangepata kivuli cha kukaa na bei iliyo nzuri zaidi, kwa kuwa mnunuzi aliyeteremka garini hununua kuliko mnunuzi aliyetoa mkono dirishani.

Mwenye nia na achague majira yake. Desemba ni ya plamu, lakini vuli ikichelewa kukatika barabara huwa na utelezi, na nyumba za wageni hujaa. Juni masika yamekwisha na shule zimefungwa, ila baridi ni ile ambayo mama yangu hakubali kwenda kuitazama hata kwa kanga kumi. Kwa mtoto anayetapika, tangawizi ya kutafuna ianze kutolewa kabla ya kupanda, kwani kichefuchefu kikishaanza haisaidii sana. Breki zikaguliwe Korogwe, wala si Mombo, na sweta ziwekwe juu ya mizigo.